Huduma ya kupima farasi kabla ya safari ndefu, Lubumbashi: tathmini baada ya ziara tatu

Mwezi Juni nilimlipa munganga wa wanyama mwenye zizi upande wa barabara ya Kipushi, nje kidogo ya mji wa Lubumbashi, ili anijibu swali moja tu: je, farasi wangu jike, Zawadi, anaweza kubeba mtu kilomita 80 kwa siku moja mwezi wa Septemba bila kuumia? Jibu alilonipa mwishoni mwa Agosti lilikuwa hapana. Naandika tathmini hii kwa sababu jibu hilo, ambalo siku ile lilinikata maini, ndilo lililonionyesha kwamba fedha zangu hazikupotea, na kwa sababu wenye farasi katika mji wetu ni wachache mno, kila mmoja akijifunza kwa hasara yake mwenyewe na mara nyingi kwa hasara ya mnyama wake.

Tulikuwa watu watatu tuliopanga safari hiyo, kwa kufuata njia za mashamba kuelekea bonde la Kafubu na kurudi, mbali na barabara ya lami ambako malori ya shaba hayampishi mtu wala mnyama. Zawadi ana miaka saba, amechanganya damu ya Kiarabu na ya farasi wa mashambani wa Afrika Kusini, na alinifikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa akiwa na miaka mitano. Ni farasi mwenye moyo. Ukimlegezea hatamu anakwenda, na hatakuambia kwamba amechoka hadi uchovu umshinde. Kabla ya huduma hii nilikuwa nimekwisha kumlipa mtu mwingine dola 50. Huyo alimtazama akipiga shoti mara mbili kuzunguka uwanja, akampapasa shingo, akasema yuko tayari hata kwa kilomita 100. Nilimwamini kwa kuwa alisema nilichotaka kusikia. Sasa najua kwamba kumtazama farasi akikimbia hakukuambii lolote kuhusu safari ndefu, kwa maana karibu kila farasi mwenye afya anaweza kukimbia vizuri kwa dakika tano.

Huduma yenyewe ni ya ziara tatu katika muda wa wiki kumi hivi. Munganga huja nyumbani kwako au mahali unapomweka farasi, akiwa na fundi wa kwato, na bei yake ilikuwa dola 180 kwa ziara zote, mbali na dola 25 za kupima damu. Masharti ni mawili, na yote mawili aliyasisitiza kwenye simu kabla hata ya kutaja bei: mwenye farasi awepo mwenyewe katika kila ziara, na mtunzaji wa farasi, yule anayemlisha na kumsafisha kila siku, awepo pia na ashike vyombo kwa mikono yake.

Ziara ya kwanza ilianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla Zawadi hajapewa chakula. Munganga alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa nusu saa nzima bila kumgusa, akihesabu tu jinsi ubavu wake unavyopanda na kushuka. Pumzi zilikuwa 12 kwa dakika, na farasi mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 8 na 16. Kisha akaweka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, akasikiliza, akampa mtunzaji wetu naye asikilize, halafu mimi. Moyo wa farasi hutoa sauti mbili katika kila pigo, na asiyezoea huzihesabu kama mapigo mawili; mtunzaji wetu alipata 72, nami nikapata 70, na sote tukashtuka mpaka tulipoelezwa. Hesabu sahihi ilikuwa 36, nayo iko katikati ya kiwango cha kawaida, kinachoanzia 28 hadi 44. Hatukuruhusiwa kuendelea na jambo lingine hadi hesabu zetu watatu zilipolingana mara tatu mfululizo, kwa kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne.

Wakati ule niliona kwamba tunapoteza muda. Leo nasema kwamba hilo lilikuwa somo lenye thamani kuliko yote katika ziara ile, kwa sababu aliagiza tuandike mapigo hayo katika daftari kila asubuhi kwa majuma mawili, ili tumjue Zawadi mwenyewe, mbali na farasi wa vitabuni. Farasi ambaye kila siku huamka na mapigo 36, kisha asubuhi moja akaamka na 48, anasema jambo, hata kama bado yumo ndani ya kile ambacho watu wengi wangekiita afya njema: ana homa inayoanza, ana maumivu mahali fulani, au kazi ya juzi haijamtoka mwilini. Mtunzaji wetu sasa hupima bila kukumbushwa, na hufanya hivyo kwa makini kuliko mimi.

Vipimo vingine vya mwili alivipitia kwa haraka zaidi. Alibonyeza ufizi kwa kidole na kutazama weupe ukirudi kuwa waridi kabla ya sekunde mbili kupita; alivuta ngozi ya bega na kuiachia aone kama inalala mara moja; alipima joto la mwili, likawa 37.8, na alisikiliza matumbo katika sehemu nne, juu na chini, kushoto na kulia, kwa kuwa tumbo la farasi aliye mzima hunguruma na ukimya ndani yake ni habari mbaya.

Palipomchukua muda ni kwenye damu, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu anayeijua nchi yetu na mtu aliyesoma tu maelekezo ya nchi za baridi. Katika misitu ya miombo iliyouzunguka mji kuna kupe, katika maeneo mengine ya Katanga kuna mbung'o, na farasi anaweza kubeba vimelea vya homa ya kupe au vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa miezi mingi akionekana mzima zizini. Farasi wa namna hiyo ana upungufu wa damu. Moyo wake hulazimika kupiga zaidi ili kusafirisha hewa ileile, na mwenye farasi, akiona mapigo hayashuki upesi baada ya kazi, hudhani kwamba mnyama hajazoezwa vya kutosha, kwa hiyo humwongezea kazi, na kumbe anammaliza. Ndiyo sababu alikataa kufanya jaribio lolote la mbio kabla matokeo ya damu hayajatoka. Aliuliza pia tarehe ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ule unaoenezwa na usubi na ambao aina yake ya mapafu huua karibu kila farasi inayempata. Akataka kujua kama tunamwingiza Zawadi ndani kabla ya jua kuzama wakati wa mvua, maana usubi hao huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mji wetu una bahati ya kuwa na kitivo cha udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na maarifa ya namna hii hayapaswi kuwa adimu hapa kama yalivyo. Damu ya Zawadi ilikuwa safi.

Uzito ulipimwa kwa utepe. Mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, ulikuwa sentimita 175, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako ulikuwa 159. Unazidisha mzunguko kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu, kisha unagawanya kwa 11,880, na unapata kilo 410. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko na vifaa vyote wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, maana yake kwa Zawadi ni kilo 82. Mimi nina kilo 74, na tandiko langu pamoja na mifuko na maji vilifika 11. Munganga hakusema neno. Aliandika 85 chini ya 82 na kunionyesha karatasi. Kuhusu unene alitumia kipimo cha Henneke, kilichotungwa Texas mwaka 1983, ambacho huanzia 1 kwa farasi aliyekonda kabisa hadi 9 kwa aliyenenepa kupita kiasi, na akampa Zawadi 5: mbavu hazionekani lakini mkono unazihisi bila kutafuta. Hapo alinisifu, nami nililihitaji neno hilo.

Ziara ya pili, majuma matatu baadaye, ndiyo moyo wa huduma hii. Tulimpanda Zawadi kilomita 24 kwenye njia za udongo mwekundu kwa saa mbili na dakika 20, sehemu kubwa kwa mwendo wa troti, ule ambao mguu wa mbele wa upande mmoja huenda pamoja na mguu wa nyuma wa upande wa pili. Alipofika nilishuka, tukalegeza mshipi wa tandiko, akapewa maji, na saa ikaanza kuhesabu. Mapigo yalikuwa 96 alipofika, 72 baada ya dakika tano, 62 baada ya kumi na 60 baada ya kumi na mbili. Katika mbio za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, farasi anayefika kwenye kituo cha ukaguzi hupewa kwa kawaida dakika 15 ili mapigo yake yashuke hadi 64, na asiyefikia hapo huondolewa mashindanoni hata kama amefika wa kwanza. Kwa kipimo hicho Zawadi alifaulu vizuri, nami nilikwisha kuanza kutabasamu.

Ndipo likaja jaribio ambalo sikuwahi kulisikia. Munganga alipima mapigo, yakawa 60, kisha akamwambia mtunzaji wetu akimbie na Zawadi kwa mkono, kwa troti, mita 38 kwenda na mita 38 kurudi. Saa ilianza pale farasi alipoanza kukimbia, na ilipotimu dakika moja mapigo yakapimwa tena. Kwa farasi ambaye mwili wake umerudi katika hali yake, mbio fupi kama hiyo hazibadilishi kitu, na kipimo cha pili huwa sawa na cha kwanza au chini yake. Cha Zawadi kilikuwa 66. Tukangoja dakika kumi, tukarudia: 58, kisha 64. Munganga alikunja uso kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba mapigo yakipanda kwa manne au zaidi, kuna jambo linalomkera farasi ambalo bado halijaonekana kwa macho, ama maji na chumvi vimempungua, ama uchovu wa ndani, ama maumivu. Na kwa kuwa ufizi, ngozi na matumbo vyote vilikuwa vizuri, yeye alishuku maumivu.

Alimpeleka kwenye sehemu ngumu, mahali ambapo udongo wetu wa Julai huwa kama tofali lililochomwa, akaomba akimbizwe kwa duara, kwanza kulia, kisha kushoto. Kulia sikuona kitu. Kushoto pia sikuona kitu, mpaka aliponiambia nisitazame miguu, nitazame kichwa. Farasi anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu ule unapokanyaga, ili kuupunguzia uzito, na katika duara mguu ulio upande wa ndani ndio unaoelemewa zaidi. Kichwa cha Zawadi kilipanda, kidogo sana, kama mtu anayeitikia kwa mbali, kila kwato ya kushoto ilipogusa chini. Nimekaa juu ya mgongo wa farasi yule kwa miaka miwili na sikuwahi kuliona hilo.

Fundi wa kwato alikamata mguu na kueleza chanzo bila kupaka mafuta maneno yake: viatu vilikuwa na wiki tisa, ilhali vinapaswa kubadilishwa kila baada ya wiki tano hadi nane, ncha ya kwato imerefuka, kisigino kimeshuka, na kwa kila hatua kano za nyuma ya mguu zinavutwa kuliko inavyostahili. Munganga alinishika mkono na kuupitisha polepole nyuma ya mfupa ulio chini ya goti, kwanza mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa na joto. Lilikuwa joto dogo, la kuhisiwa kwa nyuma ya vidole tu, lakini lilikuwepo, na yule wa dola 50 hakuinama hata mara moja kuutafuta.

Hapo ndipo alipotuketisha na kueleza jambo ambalo huduma yake yote imejengwa juu yake, nalo ni kwamba mwili wa farasi haukui kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi kwa majuma machache, na katika miezi mitatu unaweza kuwa na farasi ambaye hahemi tena mlimani. Misuli hutaka miezi mitatu hadi sita. Kano, mifupa na kwato hutaka mwaka, miaka miwili, hata mitatu, kwa sababu damu inayozifikia kano ni kidogo na kila kinachojengwa ndani yake hujengwa polepole. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu, na ndicho cha hatari kuliko vyote, ambapo farasi ana injini ya lori juu ya miguu ya baiskeli; anataka kwenda, pumzi anayo, na mpandaji anafurahi, huku kano zikikatika nyuzi moja baada ya nyingine. "Mama," aliniambia, "moyo wake umekwisha kufika. Miguu yake bado iko njiani." Nilimwuliza kama umri nao una neno. Alinijibu kwamba FEI haimruhusu farasi aliye chini ya miaka minane kushindana katika kilomita 160, na kwamba vituo vya mwisho vya kukua kwa mifupa ya uti wa mgongo hufunga farasi akiwa na miaka mitano na nusu au zaidi, kwa hiyo farasi niliyeanza kumpanda kwa bidii akiwa na miaka mitano na miezi michache, nilimpanda mifupa yake ikiwa bado inajifunga.

Maneno hayo yaliniuma, na yalistahili kuniuma.

Agizo lilikuwa siku kumi za kutembezwa kwa mkono tu, maji baridi mguuni kwa dakika 20 asubuhi na jioni, viatu vipya siku ileile, kisha wiki tano za mwendo mrefu wa polepole, hasa wa hatua, bila shoti hata moja. Kilomita hazikuruhusiwa kuongezeka pamoja na kasi katika juma moja; ama unaongeza umbali, ama unaongeza mwendo. Kila siku ya kazi ndefu ilifuatwa na siku ya kupumzika akizunguka mwenyewe malishoni, maana kumfungia farasi ndani baada ya kazi kubwa humkaza misuli.

Katika ziara hii pia alizungumzia maji na chumvi, na sehemu hii nawaomba wenye farasi waisome mara mbili, kwa sababu hapa kwetu bado wako watunzaji wanaoamini kwamba farasi mwenye jasho akinywa maji atakufa. Farasi anayefanya kazi kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 za jasho kwa saa moja. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu yake, kwa hiyo damu inayobaki hukolea na mtu huhisi kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake, kwa hiyo damu haikolei, kiu haiji, na mnyama anaweza kuwa amekauka huku akiipita ndoo kana kwamba hana haja nayo. Dawa yake ni kumzoesha kunywa njiani, kila penye maji safi, tangu siku za mazoezi, na kumpa chumvi ya kawaida kila siku katika pumba, gramu 25 hadi 30 kwa farasi wa ukubwa wa Zawadi asiye na kazi nzito, na zaidi siku za jasho, ila asipewe chumvi kavu akiwa amekwisha kukauka na hataki kunywa, kwa kuwa itavuta maji ya mwilini kwenda tumboni na kumzidishia shida. Nyasi kavu nyingi usiku wa kuamkia safari zina faida ambayo sikuijua: tumbo pana la farasi, likijaa nyasi zilizoloana, ni pipa la akiba ambalo mwili huchota maji yake njiani. Alitaja dalili tatu za kusimamisha safari papo hapo bila majadiliano: mkojo wa rangi ya kahawa, ambao ni misuli inayovunjika, ubavu unaoruka kwa kufuata mapigo ya moyo kama kwikwi, ambao ni upungufu wa madini, hasa kalsiamu, na tumbo lililonyamaza.

Kasoro zipo, na ingekuwa si haki kuzificha. Ripoti tuliyoandikiwa, kurasa nne, ilikuwa ya Kifaransa peke yake. Mtunzaji wetu, ambaye ndiye anayemgusa Zawadi kila asubuhi, husoma Kiswahili vizuri na Kifaransa kwa shida, na ilinibidi nikae jioni mbili kumfasiria. Huduma inayosisitiza kwamba mtunzaji ashike stetoskopu ilipaswa kumpa na karatasi anayoweza kuisoma. Tandiko halikukaguliwa likiwa na mtu juu yake, ila lilitazamwa tu likiwa limewekwa mgongoni, na wiki moja baadaye niliona alama mbili kavu, zisizo na jasho, karibu na nundu ya mabega, mahali ambapo tandiko hubana mno hata jasho lisitoke. Hakuna mashine ya kupiga picha ya kano, kwa hiyo hukumu kuhusu mguu wa kushoto ilitegemea vidole na uzoefu, nami nadhani mteja aelezwe hivyo kabla ya kulipa. Tena ziara ya pili iliahirishwa mara mbili, na mara ya pili tuliarifiwa Zawadi akiwa amekwisha kutandikwa.

Ziara ya tatu ilikuja mwishoni mwa Agosti. Safari hii tulikwenda kilomita 32, nami nilikuwa nimepunguza mizigo hadi kilo 81 kwa kununua tandiko jepesi zaidi. Mapigo yalishuka hadi 60 katika dakika ya tisa. Jaribio la mita 38 lilitoa 56, kisha 56. Duara la kushoto kwenye ardhi ngumu lilipita bila kichwa kutikisika. Ningekuwa na yule wa kwanza, siku ingeishia hapo kwa kupeana mikono. Munganga huyu alikunja vyombo vyake na kusema kwamba atarudi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu mguu hausemi ukweli siku ya kazi, husema kesho yake. Hakuidai ziara hiyo ya nne fedha yoyote. Asubuhi mguu wa kushoto ulikuwa umejaa kidogo juu ya kifundo, bila joto, na uvimbe huo uliisha baada ya kutembezwa dakika kumi. Mapigo ya kuamkia yalikuwa 38, mawili zaidi ya kawaida yake.

Uamuzi wake ulikuwa wa kina kuliko hapana tupu. Zawadi anaweza kufanya kilomita 40 kwa siku, polepole, kwenye njia laini, akipumzika siku mbili baadaye. Kilomita 80 asizifanye mwaka huu, na hasa asizifanye mwishoni mwa Septemba, ambapo joto linapanda kuelekea Oktoba, mwezi wetu wa joto kali kuliko yote, na ardhi haijapata tone la mvua tangu Mei. Wakati wa mvua aendelee na kazi ya hatua panapokauka, tukilinda kwato dhidi ya matope, na matayarisho yaanze upya mvua zikikoma. Niliwaambia wenzangu wawili; mmoja alikasirika kwa siku chache, kisha naye akamwita munganga kwa farasi wake wa miaka sita.

Mbio kubwa za masafa marefu za zama zetu, zile zinazoitwa Tevis Cup, zilianza California mwaka 1955, pale Wendell Robie na wenzake walipotaka kuthibitisha kwamba farasi bado anaweza kwenda kilomita 160 kwa siku moja, na huko farasi akifika baada ya saa hizo zote bado hukaguliwa, na akionekana hafai kuendelea, hahesabiwi kuwa amemaliza. Niliwaza juu ya sharti hilo nilipokuwa nikilipa awamu ya mwisho. Wao humwuliza farasi swali hilo mwishoni. Mimi nilibahatika kuliuliza kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa anayefikiria kuitumia: dola 205 kwa jumla ni fedha nyingi katika mji huu, lakini ni pungufu ya nilichotumia kwa chakula cha Zawadi katika miezi miwili, na kano iliyokatika humweka farasi nje ya kazi kwa karibu mwaka, pengine kwa maisha yake yote. Mwite angalau miezi mitatu kabla ya safari unayoiwazia, usimwite wiki ya mwisho, kwa kuwa atakuambia ukweli na hutakuwa na muda wa kuutumia. Muombe mapema amtazame farasi akiwa ametandikwa na wewe uko juu yake, na mwambie aandike ripoti ya pili kwa Kiswahili. Nilipomwomba mimi alikubali, akaileta baada ya siku nne, na sasa imebandikwa ukutani mwa zizi, karibu na daftari la mapigo. Miadi yetu ijayo ni juma la kwanza la Mei.